Diski ya Pili

Diski yangu ya kwanza ilikufa mchana kweupe, nikiwa nimekaa mbele yake na kikombe cha chai mkononi. Ilianza kugonga ndani ya sanduku, ko, ko, ko, halafu kioo kikawa cheusi na michoro ya miezi minane ikaondoka nayo. Nililia, sioni haya kusema. Mume wangu alitoka chumbani mbio akidhani nimepigiwa simu ya msiba. Alipoambiwa ni kompyuta akacheka, kisha akautazama uso wangu vizuri akaacha.

Wakati ule nilikuwa mchoraji wa khanga. Watu huvaa khanga maisha yao yote bila kufikiri kwamba kuna mtu alikaa akaichora: pindo la kuzunguka, mji wa katikati, zile pembe nne, na mahali pa kuandika jina, yaani ule msemo wake. Kazi hiyo niliifunzwa katika kiwanda cha nguo cha umma, kwa karatasi za miraba na rangi za maji, mpaka kiwanda kikabinafsishwa. Mnunuzi alikuja na suti na maneno matamu, na haukupita muda ukumbi wa mitambo ukawa ghala la marobota ya mitumba. Sisi tulipewa barua na kushikwa mkono. Mume wangu naye alikuwa ameshapunguzwa kwenye shirika lake, akawa anawajazia watu fomu za forodha. Ndivyo ofisi zetu mbili zilivyohamia nyumbani, kwenye chumba cha nyuma cha fleti yetu, ghorofa ya pili, pale Mchafukoge, dirisha likitazama mabati na nguo za majirani zilizoanikwa.

Kazi haikukosekana. Biashara ilikuwa imefunguliwa, khanga zilichapwa hapa, zilichapwa India, baadaye zikaja mpaka za China, na wenye maduka walitaka mchoro mpya kabla ule wa juzi haujakauka. Nilichora, wakanunua, wakachapa, basi. Khanga zangu zilipita mbele yangu barabarani zimefungwa viunoni mwa watu na hakuna aliyejua ni zangu. Sikudai. Mkate ulikuwa mezani.

Lakini ulikuwapo mchoro mmoja ambao sikuuza. Mama yangu alikuwa Newala, na maisha yake yote alisuka ukili na kushona mikeka. Alikuwa na namna yake moja ya safu za pembetatu, nyeusi na za zambarau, zinazokwenda mpaka katikati ya mkeka halafu zinageuka na kurudi. Hakuna mwingine niliyemwona akiisuka. Nilimwahidi nitaigeuza iwe khanga. Yeye alikuwa mtu wa utani, akanijibu kwamba anataka kuuvaa mkeka wake kabla hatujamfungia ndani yake. Tulicheka. Shida ni kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alikuwa akiogopa kisu cha daktari kuliko giza. Nilimbembeleza aje Dar, apelekwe pale hospitali kubwa Upanga, akakataa katakata. Kwa hiyo nilikuwa nakimbizana na macho ya mama. Nilitaka aione khanga hiyo, aione kwa macho yake, ajue mwanawe ndiye aliyeichora. Na diski ile iliyokufa ilikufa na nusu ya mchoro huo.

Nikasema basi, hainipati tena. Nikamtafuta fundi.

Alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alipanga ujia mwembamba ndani ya duka la redio karibu na Mtaa wa Msimbazi. Zamani alikuwa fundi wa simu wa serikali, naye alipewa barua na kushikwa mkono. Isitoshe alikuwa mtu wa kwetu, wa Kusini, na tulisalimiana kwa lugha ya nyumbani kwanza ndipo tukaingia kwenye mambo ya diski. Nilimweleza yaliyonikuta. Akasema tatizo langu si diski kufa, kwa kuwa diski zote zitakufa. Tatizo langu ni kuwa na moja.

Tulizunguka Kariakoo mchana kutwa. Tulipata kompyuta ya mitumba iliyotoka Dubai, ubavuni bado ina karatasi ya shule fulani ya huko ilikotoka, na watoto walikuwa wameikwaruza majina yao. Tulipata diski mbili mpya, za ukubwa mmoja na za kiwanda kimoja. Tulipata kadi ya kuziunganisha, na vidroo viwili vya chuma vya kuziwekea, kila kimoja na kufuli lake dogo na taa yake ya kijani. Fundi alivisifu vile vidroo. Alisema diski moja ikiharibika huna haja ya kufungua kompyuta na bisibisi, unavuta droo, unatia nyingine, na kazi inaendelea kama kawaida.

Siku ya pili alikuja nyumbani. Alitoboa ukuta akapitisha kebo mpaka kwenye kompyuta ya mume wangu na mpaka kwenye yangu ya kuskani, akaisimamisha ile kompyuta ya Dubai, ambayo yeye aliiita seva, chini ya meza yangu, juu ya matofali mawili ili isipate maji ya kudekia. Alipoiwasha, kioo kikatoa maandishi meupe juu ya weusi yasiyo na picha hata moja. Mume wangu akauliza kama ndiyo imeharibika tena. Fundi akamwambia hapana mzee, huu ndio uzima wake.

Kisha akatueleza, sote wawili tumesimama pale. Kila utakachoandika kwenye diski ya kwanza kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili, herufi kwa herufi. Hakuna kubwa wala ndogo, na ukichukua yoyote unayo yote. Nilifikiri kidogo nikamwambia, "Yaani doti."

"Doti kabisa, dada," akasema. "Ila hii haikatwi."

Nilifurahi mno na doti yangu. Khanga huuzwa mbili mbili, zinafanana mpaka uzi, na mwanamke huikata katikati mwenyewe. Nikamgeukia mume wangu nikamwuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Fundi akatuonya kwamba ukifuta kitu kimefutika kote, kwa hiyo bado nichome sidii na kuzipeleka nyumba nyingine. Nilichoma mara mbili, nikazembea. Akanikabidhi funguo za vidroo, jozi mbili, akasema jozi moja akae nayo mtu ninayemwamini. Ya kwanza niliining'iniza shingoni pamoja na ya kabati. Ya pili nilimpa mume wangu.

Sasa nieleze upumbavu wangu mwenyewe, maana sitaki kuonekana kama malaika wa hadithi hii. Ile kadi ilikuwa na king'ora. Droo moja ikikosekana au diski ikizimika, kinalia. Lakini mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa haueleweki, na kila umeme uliporudi kililia kidogo kabla ya kutulia. Mtoto wetu mdogo akawa anashtuka usingizini mchana, mume wangu akawa analalamika, na mimi nilichoka pia. Tulimwita fundi akate waya wa king'ora. Alikataa, tukambembeleza, akakata huku akinung'unika, akaniambia basi niwe naangalia zile taa mbili kila siku. Nikaahidi. Halafu nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa mjini mwenye redio, televisheni au jagi la maji angefanya: nikaifunika seva kitambaa cheupe cha kufuma, kisiingie vumbi. Kilining'inia vizuri mpaka chini, kikazifunika taa zote mbili.

Wakati huo huo wifi yangu alikuwa akija karibu kila siku. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu na alikuwa na kizimba cha khanga sokoni Kariakoo. Watu husema mambo mengi juu ya mawifi, mimi nilikuwa nawacheka, kwa sababu wangu alikuwa rafiki yangu wa kweli. Mwanangu wa kwanza alibebwa mgongoni mwake kuliko mwangu. Alikuwa na jicho la soko. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu akila karanga na kuniambia rangi ile haitatoka, pindo lile wanawake wa Temeke hawatalitaka, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Mchoro wa mama alipouona aliacha kutafuna. Akaniomba. Biashara yake ilikuwa inayumba, khanga za nje zilikuwa zimemfunika, na alisema huo ungemnyanyua. Nilimwambia achague mwingine wowote, hata mitatu, huo ni wa mama. Nilimweleza pia kwamba nimeshakubaliana na mzee wa duka la vitambaa pale chini yetu. Yeye ndiye angepeleka mchoro kiwandani, na kwa mara ya kwanza herufi za jina langu zingechapwa ukingoni mwa khanga, ndogo, lakini zingekuwapo. Wifi akasema anaelewa. Akanichekea, akachukua karanga zake akaenda, na kesho yake akaja kama kawaida.

Kabla sijamaliza mchoro nikaitwa Newala. Mama ameanguka kwenye ngazi ya nyuma kwa sababu hakuiona. Niliacha kila kitu nikaenda, na njia ya Kusini wakati ule kila aliyeipita anaijua. Nilikaa majuma matatu. Bado alikuwa anaona, lakini kwa upande, akigeuza kichwa kama kuku. Alitofautisha rangi. Aliniuliza khanga yake imefika wapi, nikamwambia pembe tatu zimekwisha, imebaki moja. Akasema nifanye haraka, taa inapungua mafuta.

Niliporudi Dar nilikaa kwenye kiti kile nikaichora pembe ya nne siku mbili mfululizo. Mume wangu alinipikia. Aliniambia fundi alipita nilipokuwa safarini kupuliza vumbi kwenye seva, nikasema vizuri, nikaendelea na kazi. Kila nilichohifadhi kilihifadhika. Faili zilifunguka. Seva ilinguruma chini ya kitambaa chake kama siku zote.

Siku niliyokubaliana na mzee nilishuka na mchoro umechapwa kwenye karatasi kubwa, nimeukunja kwa uangalifu. Alikuwa Mhindu, amezaliwa mtaa ule ule na baba yake amezaliwa hapo, na asubuhi duka lake lilikuwa na harufu ya ubani na maua mapya kwenye picha za wazee wake. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kuniangalia, na hilo halikuwa kawaida yake. Hakuniomba karatasi. Aliinama chini ya kaunta akatoa khanga mpya, bado ina gundi ya kiwandani, akaitandaza yote mbele yangu.

"Binti," akasema, "mchoro mmoja umeuuza mara ngapi?"

Zilikuwa safu za mama. Zinakwenda mpaka katikati halafu zinarudi. Rangi zilikuwa nyingine, wametia chungwa na kijani, na jina lililoandikwa, ule msemo, lilikuwa limetungwa na mtu mwingine kabisa, lakini zilikuwa zenyewe. Nilisema sikuuza. Mzee akasema ziko Kariakoo nzima tangu juma lililopita, amehesabu maduka manne akachoka. Kisha nikaziona pembe. Tatu zilikuwa na ua lake. Ya nne ilikuwa tupu, kama nilivyoiacha siku niliyopanda basi kwenda Newala.

Nilijaribu kumwonyesha mzee hiyo pembe tupu, nikamwambia yangu imekamilika, tazama karatasi. Alitazama. Aliikunja khanga akairudisha chini ya kaunta na kusema, kwa upole ambao uliniumiza kuliko kelele, kwamba baba yake alifanya kazi na wachoraji miaka mingi bila karatasi ya wakili, kwa neno tu. Kisha akageukia daftari lake la hesabu. Nilipanda ngazi zangu mpaka chumba cha nyuma.

Nilikivua kile kitambaa. Taa moja ilikuwa ya kijani. Ya pili ilikuwa imekufa. Nikatoa ufunguo shingoni, nikafungua droo ya pili, nikavuta. Ilikuwa na uzito wa sahani ya bati. Ndani hamkuwa na kitu.

Sikukaa kufikiri. Mtu niliyemfikiria alikuwa fundi, kwa sababu ndiye aliyejua, ndiye aliyepita nilipokuwa safarini, na ndiye niliyeweza kumchukia bila kupoteza kitu. Nilitembea mpaka Msimbazi na ile droo tupu mkononi. Nilimkuta ameinama juu ya kompyuta ya mtu, na wateja wa redio wamejaa dukani. Nikamwita mwizi mbele yao. Nikamwita kwa Kiswahili ili wote waelewe, halafu nikamwita tena kwa lugha ya nyumbani ili imwingie. Nilimwambia amemwibia mwanamke mzee wa kwao, kipofu.

Alivua miwani yake. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada, mimi kwako sijafika tangu siku ya king'ora. Na funguo nilikupa zote."

Nilisema ndivyo wanavyosema wote. Nikaiacha droo juu ya meza yake nikaondoka. Siku zile nilijiona shujaa. Mwenye duka, ambaye hakutaka maneno kwenye biashara yake, alimwambia fundi atafute pengine pa kufanyia kazi, na niliposikia nilisema afadhali.

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote. Alikuwa anajaza fomu. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema mafundi wa Kariakoo ndiyo zao. Alisema hivyo. Ninayakumbuka maneno hayo vizuri kuliko maneno ya ndoa yetu.

Siku tatu baadaye nilikuwa nikifunga kabati, ufunguo wa droo ukagongana na wa kabati, na ndipo maneno ya fundi yaliponirudia. Droo ilikuwa imefungwa. Niliifungua mwenyewe kwa ufunguo, haikuvunjwa, haikukwaruzwa. Nilisimama pale na mlango wa kabati wazi. Nilikuwa nimeshajua, ila nilitaka mtu mwingine aseme.

Nilimwendea mume wangu nikamwomba ufunguo wake. Akasema uko mahali fulani. Nikasema nitasubiri. Mume wangu hakuwa hodari wa uongo wa papo kwa papo, katika huo alikuwa anababaika. Wa kunyamaza ndio aliouweza. Alifungua droo ya meza yake, akaifunga, akakaa kitini.

"Ni dada yangu," akasema. "Angefunga kizimba. Ningefanya nini?"

Nikamwuliza kwa nini hakuniomba. Akasema wifi aliniomba nikakataa, na yeye alijua nikishakataa nimekataa. Aliivuta diski nikiwa Newala nikimwogesha mama, akampelekea dada yake ikiwa imefungwa kwenye gazeti, na huko sokoni hawakukosa mtu wa kuifungua. Nikamwuliza na fundi je, aliyemsingizia kwamba alipita? Hapo akainamisha kichwa. Kisha akasema lile neno ambalo alikuwa amelitayarisha, nililiona kwamba limetayarishwa siku nyingi.

"Zilikuwa mbili na zinafanana. Nimechukua moja, moja nimekuachia. Mwenyewe ulisema ni doti, na doti ndugu hugawana. Umepungukiwa nini?"

Nimeishi na swali hilo muda mrefu. Kwa hesabu za kompyuta alikuwa na haki. Sikupungukiwa faili hata moja. Mwizi wa kawaida anakuachia pengo, ukilitazama unajua umeibiwa, unapiga yowe majirani wanakuja. Mimi nilikuwa nimeibiwa na kila kitu kipo mahali pake. Nilifanya kazi kwa furaha siku mbili nzima juu ya seva iliyotobolewa, nikila wali uliopikwa na aliyeitoboa. Nilimchukia kwa ajili ya wali ule kuliko kwa ajili ya diski. Nilimwambia hivyo, na nadhani hakunielewa.

Nilikwenda kumtafuta fundi. Kwenye ule ujia wake palikuwa na mtu anauza mikoba ya simu. Nilimpata baada ya kuuliza sana, anafanyia kazi barazani kwa watu, jua linampiga mgongoni. Nilimwomba radhi kwa lugha ya nyumbani. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya matusi, miwani mkononi. Akasema yamekwisha, dada. Nilimwomba arudi nyumbani anitilie diski nyingine ya pili. Akasema atanielekeza fundi mwingine mzuri, akaniandikia mahali pa kumpata kwenye kipande cha boksi. Mzee wa vitambaa nilimweleza pia ukweli wote, aibu ya mume wangu na yangu. Aliniamini, nadhani. Lakini khanga ilikwishakuwa viunoni mwa watu, na hakuna anayechapa khanga ya jana.

Wifi aliacha kuja. Sikumfuata. Nilikuwa na maneno ya kumwambia ya kujaza mwezi mzima, nikayaweka, kwa sababu mume wangu alikuwa anatembea nyumbani kwa kunyata na watoto walishaanza kuuliza shangazi yuko wapi.

Mvua zilipokwisha nilirudi Newala. Sikuwa na khanga mkononi. Njiani nilitunga jinsi ya kumwambia mama kwamba mchoro umeharibika, kwamba nitachora mwingine, na nilikuwa nimeamua sitamtaja mtu.

Nilimkuta amekaa mkekani nje ya mlango, miguu ameinyoosha. Alikuwa amejifunga ile khanga. Ya chungwa na kijani, safu zake mwenyewe zinazokwenda na kurudi, moja kiunoni na moja mabegani. Nilisimama uani na begi langu. Alinijua kwa hatua, akaniita, nikamwendea nikamshika miguu, na nilipomtazama macho nikaona yameshafunga. Alikuwa anaelekeza uso mahali sauti ilipo.

"Wifi yako kaniletea," akasema. "Kamtuma mtu wa basi kutoka huko kote. Shika, sikia pamba hiyo."

Niliishika. Akaniambia hajapata kuona wakwe wenye moyo wa namna hiyo, na kwamba nilikoolewa nimeolewa pazuri. Majirani walimwambia ina rangi nzuri, chungwa na kijani, na maua maua. Hakuna aliyemwambia kuhusu safu. Hakuna aliyeziangalia. Vidole vyake, vilivyosuka safu hizo miaka yote, vilikuwa vinapita juu ya kitambaa laini kisicho na kitu cha kushika.

Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo. Lakini ningesema mwizi ni nani, na aliyemfungulia mlango ni nani, kwa mwanamke kipofu ambaye jambo lililokuwa linampa raha siku zile ni kwamba bintiye yuko mikononi mwa watu wema. Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Niliimeza.

Mama akaniuliza kama nina ile simu yangu ya mkononi. Alitaka kumshukuru wifi mwenyewe, na alitaka nianze mimi, kwa adabu, kwa kuwa ni ndugu wa mume wangu. Mtandao ulipatikana pale karibu na tangi la maji la jirani. Nilimshika mkono tukaenda polepole, akiwa ameikunja khanga yake isikokote chini.

Wifi alipokea. Nikamsalimu, nikamwambia niko na mama. Nikamwambia mama amepata khanga, ameipenda, anashukuru. Nikasema na mimi nashukuru, kwa sababu mama alikuwa amenishika kiwiko na anasikiliza. Nilisikia kelele za soko nyuma yake, mtu anaita bei. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mwambie avae kwa afya, wifi."

Nikampa mama simu. Alimwombea dua ndefu, yeye na kizimba chake na watoto wake, akimwita "mwanangu". Alipomaliza akanirudishia simu akiwa ameishika kwa mikono miwili, akatafuta bega langu akaliegemea.

"Sasa ya wifi nimevaa," akasema. "Yako wewe lini?"

Nikamwambia naimalizia, mama. Bado kidogo.